Siatiki ni nini, na kwa nini mguu unauma wakati shida iko kiunoni

Siatiki ni maumivu yanayoanzia kiunoni au kwenye kalio, yakashuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, wakati mwingine mpaka unyayoni. Kwa kawaida ni upande mmoja tu. Wanaoumwa husema mguu unachoma, unapigwa na umeme, au umekufa ganzi vidoleni, na kukohoa au kupiga chafya kunazidisha. Ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Mtu aliyetoka hospitali na karatasi iliyoandikwa siatiki bado ana haki ya kuuliza: neva yangu, yaani mshipa wa fahamu, inabanwa na nini?

Neva hiyo ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini, inakaribia unene wa kidole gumba. Mizizi yake inatoka kwenye sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, inaungana ndani ya nyonga, inapita chini ya msuli wa kalio, inateremka nyuma ya paja, kisha karibu na goti inagawanyika. Tawi moja linaenda kwenye shavu la mguu na unyayo, jingine upande wa nje wa mguu mpaka juu ya vidole. Mzizi ukibanwa pale kiunoni, ubongo unasikia maumivu kule tawi linakoishia. Ndiyo maana mama wa mtaa wa Katindo, hapa Goma, anaweza kupakaa dawa ya kusugua kwenye shavu la mguu juma zima bila nafuu: pale anaposugua hapana kitu kilichoharibika.

Mara nyingi kinachobana ni diski. Kati ya pingili na pingili kuna diski yenye ukanda mgumu nje na ute ndani. Ukanda ukichanika, ute unatokeza na kugusa mzizi wa neva, hasa kwenye diski mbili za chini kabisa, zinazobeba uzito mwingi zaidi. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndio walioandika wazi kwamba diski iliyopasuka inaweza kuleta siatiki. Ute huo haubani tu, unawasha neva na kuivimbisha. Na hapo ndipo penye habari njema: uvimbe hupungua, na mara nyingi mwili wenyewe hunyonya kile kilichotoka. Wagonjwa wengi hupata nafuu kati ya juma la 6 na la 12 bila kupasuliwa. Kwa wazee sababu inaweza kuwa tofauti, njia ya neva ndani ya mgongo imekuwa nyembamba; hao hupata nafuu wakiinama au wakikaa, na kutembea ndiko kunakowaumiza.

Hapa Goma watu husema ni mawe ya volkano barabarani, na hawakosei sana. Kukaa siku nzima juu ya moto (pikipiki) inayotikisika ni kati ya mambo yanayochosha diski. Lakini mimi ningeanza na bidoni, dumu la kuchotea maji. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Tazama inavyonyanyuliwa ziwani: magoti yamenyooka, mgongo umekunjwa, mkono mmoja umeshika, halafu mtu anajizungusha kiuno ili aitupie mgongoni na kuivuta kamba ya kichwani. Kuinama na kujipinda kwa pamoja, na mzigo juu yake, ndiyo namna mbaya zaidi ya kuitendea diski. Bora mtu mwingine aiinue, au iwekwe kwanza juu ya jiwe la urefu wa goti, au zibebwe mbili za lita 10, moja kila mkono. Najua si kila nyumba ina mtu wa pili wa kusaidia.

Kuna siatiki nyingine isiyohusu mgongo hata kidogo: ya sindano. Neva inapita ndani ya kalio, na sindano iliyochomwa vibaya, kwinini hasa, inaweza kuiunguza. Mtoto aliyetibiwa malaria anarudi nyumbani akiburuta mguu, hawezi kuinua vidole, na familia inadhani ni malaria au ni uchawi. Sindano ya kalio huchomwa juu, upande wa nje. Kwa mtoto mdogo paja ndilo salama zaidi. Ukisikia umeme ukishuka mguuni wakati sindano inaingia, mwambie anayekudunga aitoe papo hapo, hata kama amevaa blusi nyeupe ya kiganga. Na inanishangaza kuona mtu mwenye siatiki analipia diklofenaki, dawa ya maumivu, ya sindano kwenye kalio lile lile linalomuuma, wakati kidonge kingemtosha.

Daktari hahitaji mashine ili aanze. Atakulaza chali na kuinua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, ni alama yenye jina la Lasègue, daktari Mfaransa wa karne ya 19. Atakuambia utembee kwa visigino, kisha kwa vidole, aone kama mguu una nguvu. Radio ya kawaida, yaani picha ya eksirei, inaonyesha mifupa, haionyeshi diski wala neva, kwa hiyo kulipia ya pili na ya tatu ni kupoteza pesa. Hata picha ya IRM (MRI), inayoonyesha diski na neva, si hukumu: watu wengi wasioumwa kitu wana diski zilizotokeza.

Nyumbani, usilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Kulala sana kunadhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Tembea kidogo kidogo, na usikae kitako muda mrefu. Usiku lala kwa ubavu na mto kati ya magoti. Wengi husaidiwa na kulala kifudifudi, kisha kujiinua taratibu juu ya viwiko. Hapa angalia njia ya maumivu. Yakitoka unyayoni na kupanda hadi kwenye paja, kisha kwenye kalio, unaenda vizuri, hata kama kiuno kinauma zaidi kuliko jana. Yakishuka mbali zaidi mguuni, acha zoezi hilo, umwone mtu wa kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Ibuprofeni baada ya chakula, kwa siku chache, inaweza kusaidia. Si kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala kwa mjamzito bila ushauri. Vile vidonge vidogo vya deksametazoni, dawa kali ya kushusha uvimbe, ambavyo famasi nyingine huchanganya ndani ya kikaratasi vinapunguza maumivu haraka, lakini vikitumiwa kiholela vinapandisha sukari na presha.

Usisubiri majuma hayo yote ikiwa mkojo umegoma au unatoka wenyewe, haja kubwa haizuiliki, au sehemu inayogusa tandiko la moto imekufa ganzi. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, maana mizizi yote ya chini inabanwa na kuchelewa kunaweza kuacha kilema. Wayo unaoning'inia, miguu yote miwili kulegea, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, navyo havingoji. Na kama maumivu ya mgongo yanakuja na homa, jasho la usiku na kukonda, hata bila kikohozi, omba kupimwa kifua kikuu, maana kinaweza kula pingili za mgongo. Dawa zake hutolewa bure, na huyo asikandwe mgongo na mtu yeyote kabla ya kupimwa.