Sato, sangara, wavu: maneno yana ndugu na yana majirani

Mi kazi yangu ni tiba ya usemi, na wiki iliyopita nilikuwa na mzee mmoja, miaka mingi kauza samaki pale mwaloni Kirumba, sasa kapata kiharusi na maneno yanamponyoka. Namuonyesha picha ya sato, ananijibu "sangara". Anatikisa kichwa, anajua kakosea. Namuonyesha wavu, anasema "samaki".

Mkewe akanivuta pembeni, "Daktari, ndo kashachanganyikiwa?" (mi siyo daktari ila ukishavaa koti jeupe basi tena). Nikamwambia mama, angechanganyikiwa angesema matofali, huyu anagonga nyumba ya pili tu.

Yani maneno kichwani hayajapangwa kama kamusi. Ukiamsha moja, la jirani nalo linafungua dirisha. Mwaka 1971 Meyer na Schvaneveldt kule Marekani waliwapa watu maneno mawili mawili waseme haraka kama ni maneno ya kweli, na yale yanayohusiana, mfano mkate na siagi, yalitambuliwa faster kuliko yasiyohusiana. Alafu 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard wakapima umeme wa ubongo kwa vidude vinavyobandikwa kichwani. Ukimwambia mtu "mama kakaanga sato kwa viatu", pale kwenye viatu linatokea wimbi kubwa, linafika kilele kama milisekunde 400 hivi baada ya neno, ndo maana linaitwa N400. Watu wanapenda kusema hiyo ni kengele ya kosa, mi sikubali, kwa sababu hata neno la kawaida kabisa linatoa hilo wimbi, ila linakuwa dogo kadiri maneno ya nyuma yalivyokuwa yameshalifungulia njia.

Sasa turudi kwa mzee. Makosa yake ni ya aina mbili. Sato na sangara ni ndugu, wote samaki. Wavu na samaki siyo ndugu, wanakutana tu kazini. Kuna utafiti wa 2011 kwa wagonjwa 86 wa kiharusi, wanaochanganya ndugu wengi wameumia ubongo wa kushoto pale pembeni kwa mbele, wanaochanganya wanaokutana wameumia nyuma zaidi, juu ya sikio. Mzee wangu ana zote mbili, kiharusi hakina adabu ya kuchagua kona moja.

Kwa iyo simkazanii "sema sato, sema sato". Namuanzishia sentensi, "wavuvi wa dagaa usiku wanawasha..." na yeye anamalizia "karabai!" safi kabisa, neno ambalo kwenye picha lilimshinda dakika tano nzima.

Mkewe kaichukua hiyo nyumbani. Juzi kanipigia, eti kamwambia "leo tunakula ugali na..." akitegemea sato, mzee kajibu "furu". Nikajua tumekosa tena. Mama akacheka, "Hapana, kaangalia sufuria."