Kwenye utafiti, daktari hakuchagulii dawa

Wiki iliyopita jirani yangu alinisimamisha getini alfajiri, na baada ya kujuliana hali akaniomba, kwa sauti ya mtu anayeomba jambo dogo tu, nimwingize mama yake mzazi kwenye utafiti wa shinikizo la damu. "Daktari, si huko ndiko mnakotoa dawa mpya? Bibi huyu hizi za kawaida zimemshinda." Ombi hilo nimelisikia kliniki, msibani, na hata kwa wauguzi ninaofanya nao kazi. Kila mara nyuma yake ipo imani ileile, kwamba utafiti wa tiba ni chumba cha ndani cha hospitali kunakohifadhiwa dawa bora, na kwamba daktari anayekuingiza humo amekuchagulia kilicho kizuri zaidi.

Hakuchagulii. Kama ningekuwa najua ni dawa ipi kati ya mbili iliyo bora, nisingekuwa na haki ya kufanya jaribio hilo hata kwa mgonjwa mmoja. Kamati ya maadili ya chuo huuliza swali hilo kwanza, kama kweli hatujui ipi ni bora, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, huliuliza tena, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo huliuliza kwa namna yake kabla dawa haijafika kwenye stoo yetu. Awamu za majaribio na hesabu za idadi ya washiriki sitazieleza leo, kwa sababu si hizo zinazowapotosha watu.

Kinachowapotosha ni bahasha. Katika majaribio mengi ya hospitalini huwa kuna kasha lenye bahasha nzito zisizopenyeza mwanga, zilizofungwa kwa gundi na kuandikwa namba kwa mfuatano. Mgonjwa akishasajiliwa, bahasha inayofuata ndiyo inayofunguliwa, wala hairuhusiwi kuruka namba. Ndani yake kuna kadi inayosema mgonjwa huyu yuko kundi gani, na kadi hiyo iliandaliwa miezi mingi nyuma na mtu ambaye hatamwona mgonjwa huyo maishani mwake. Wakati ninaipasua, mama aliyempakata mtoto huniangalia usoni, na ninajua anaamini kwamba ninasoma kinachomfaa mwanawe. Ninachosoma ni matokeo ya kura. Nikianza kuchagua kwa huruma, nikampeleka mtoto aliyezidiwa zaidi kwenye dawa ninayoipenda, mwisho wa jaribio hakuna atakayejua kama tofauti iliyoonekana ilitokana na dawa au ilitokana na huruma yangu.

Anayedhani huruma ya daktari inatosha naomba aangalie jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Liliandikisha watoto zaidi ya 3,100 waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu. Miongozo ya tiba ya nchi tajiri wakati huo ilitaka mtoto wa namna hiyo apewe dripu nyingi kwa haraka, na madaktari wengi waliofundishwa kwa miongozo hiyo waliamini hivyo kwa moyo wao wote. Katika jaribio hilo baadhi walipewa dripu ya haraka ya albumini, ambayo ni protini ya damu, wengine ya maji ya chumvi, na kundi la tatu halikupewa dripu ya haraka kabisa, ingawa matibabu mengine yote walipata. Januari 2011 usajili ulisimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, lakini kwa wale ambao mzazi yeyote angelalamika kwamba "hawakupewa kitu" walifariki asilimia 7.3. Tofauti hiyo ni watoto watatu zaidi katika kila mia, waliopotea kwa sababu ya tiba ambayo sisi sote tungewachagulia.

Yapo pia majaribio yaliyokwenda upande wa pili. Katika AQUAMAT, lililochapishwa 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika waligawanywa kati ya kwinini, dawa ya zamani, na atesuneti. Dawa mpya ilishinda, kwani vifo vilikuwa asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Kabla ya hesabu kufungwa, majaribio haya mawili hayakuwa na alama yoyote usoni ya kumwonyesha mzazi ni lipi lenye heri kwa aliyepewa kitu kipya.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni maneno tunayotumia wenyewe. Nimewahi kupokea fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa kwa haraka, ambamo kidonge kisicho na kiambata hai, yaani kile chenye umbo la dawa lakini hakina dawa, kiliitwa "dawa bandia". Kwa Mswahili yeyote, dawa bandia ni ile inayokamatwa na TMDA dukani na kuchomwa moto, na muuzaji wake hupelekwa mahakamani. Mzee mmoja alisoma mstari huo, akaikunja fomu mara nne, akairudisha mezani na kuniambia, "Mwanangu, mimi nimekuja hospitali." Alikuwa na haki. Siku hizi tunasema "kidonge kisicho na dawa ndani", ambayo ni ndefu lakini ni kweli. Wala si kila kundi linganishi, yaani lile linalolinganishwa na wanaopewa dawa inayojaribiwa, hupewa kitu kitupu. Katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009, ambalo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo vyake 11, watoto wa miezi 5 hadi 17 wa kundi linganishi walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wapate kinga ya jambo fulani. Kuhusu neno la kugawanya watu, "bahati nasibu" linanuka kamari na "kubahatisha" linatutia aibu, hivyo mimi husema "kura", kwa kuwa kila mtu amewahi kupiga kura ya kugawana shamba au zamu ya maji na anajua kwamba kura haimpendelei mtu.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu wananchi peke yao, maana kosa kubwa liko kwetu. Hospitali ya chuo inapofanya kambi ya upimaji mtaani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hupita na kipaza sauti akitangaza huduma bure. Watu hujipanga chini ya turubai, wanapimwa presha na sukari, wanapewa ushauri, na hatua tano mbele, kwenye meza ya mwisho, amekaa karani wa utafiti akiwa amevaa koti jeupe lilelile. Mtu aliyetibiwa vizuri kwenye meza nne atawezaje kudhani kwamba ya tano ni ya kazi nyingine? Nimependekeza mara kadhaa kwamba meza ya utafiti iwekwe siku nyingine na mahali pengine. Hujibiwa kwamba usajili utapungua. Ni kweli utapungua, na hilo peke yake linaeleza kwa nini wengi walikuwa wakikubali.

Kuna shaka ambayo sijaitatua. Mshiriki wa utafiti hurudishiwa nauli, hupigiwa simu asipofika, na majibu yake ya maabara hutoka siku hiyohiyo. Mama akisema kwamba tangu aandikishwe mtoto wake anahudumiwa haraka, anasema alichokiona, nami sina la kumpinga. Huduma hiyo ni bora hata kama dawa si bora, na sijui nimwambieje mtu kwamba utafiti si matibabu huku akiona kwa macho yake kwamba ndiko anakotibiwa vizuri. Wala sijui hiari yake ina uzito gani pale ambapo njia nyingine ni foleni ya tangu asubuhi hadi jioni. Katika FEAST, kwa kuwa mtoto hakuweza kusubiri, baadhi ya wazazi waliombwa kukubali kwa mdomo kwanza, na maelezo kamili yakaja baadaye. Ninaamini ilikuwa sahihi, lakini imani hiyo huyumba kila ninapokumbuka uso wa mzazi saa nane za usiku.

Jioni ya siku ile jirani aliponisimamisha nilikwenda kumsalimu mama yake. Baada ya shikamoo nilimwomba anionyeshe dawa zake, naye akatoa bahasha ya kaki chini ya mto. Ndani mlikuwa na pakiti tatu za amlodipini, dawa ya presha, mbili zikiwa hazijafunguliwa. Alinieleza kwamba humeza siku ambayo kichwa kinamuuma, kwa sababu siku nyingine anajisikia mzima. Tulikaa karibu saa nzima tukizungumzia kidonge kimoja kila asubuhi, kichwa kiume kisiume, na nikamwandikia kliniki ya Jumanne.

Mwanawe alinisindikiza hadi getini, akaniuliza kama hiyo ya Jumanne ndiyo ya utafiti. Nikamwambia hapana, ni kliniki ya kawaida, afike mapema na aje na zile pakiti zote tatu.