Kwa nini "barua" ilisomeka "baruß"

Kazi yangu ni kuokoa maandishi yaliyokwama kwenye flopi za zamani. Mwezi uliopita nilifungua faili la barua za Kiswahili, skrini ikanionyesha "baruß", "kazΘ", "mtot∩". Mzee aliyeniletea alinyong'onyea, akidhani flopi imeoza. Nikamtuliza: Mzee wangu, haijaoza, hii ni alama ya WordStar, programu ya zamani ya kuandikia kwenye kompyuta.

WordStar ilizaliwa California mwaka 1978, katika kampuni ya MicroPro ya Seymour Rubinstein. Aliyeiandika ni Rob Barnaby, kwa asembli, lugha ya programu iliyo karibu kabisa na ile ya mashine yenyewe. Programu nyingine ya kuandikia, Electric Pencil ya Michael Shrayer, ilishatangulia mwaka 1976, lakini WordStar ndiyo iliyowateka waandishi. Kibodi nyingi za wakati ule hazikuwa na vitufe vya mishale, kwa hiyo unashika Ctrl, kisha E inakupandisha, X inakushusha, S kushoto, D kulia. Zitazame herufi hizo kwenye kibodi yako, zilivyopangana kama almasi chini ya vidole vya mkono wa kushoto. Mpangilio huo naupenda mpaka leo.

Sasa, ile ß. Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba, kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1. Herufi ya ASCII, orodha ya kawaida ya namba hizo, inahitaji biti 7, na baiti, kifungu kinachobeba herufi moja, ina 8. WordStar haikuiacha ya nane ikae bure. Iliiwasha, yaani iliifanya 1, kwenye herufi ya mwisho ya neno, alama ya kuisaidia inapopanga mistari upya. Herufi a ni 97. Biti ya nane ikiwaka inaongezeka 128, inakuwa 225, na IBM PC huichora 225 kama ß. Na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, vinajirudia vituko vilevile vitano: ß, σ, Θ, ∩, ⌡. Ukivizoea, unalisoma faili hivyo hivyo lilivyo.

Dawa ni kuizima biti ya nane, lakini si kwa pupa. Mstari uliokatwa na WordStar yenyewe huishia na baiti 141. Ule ambao mwandishi alibonyeza Enter huishia na 13. Ukizima biti zote kwa mkupuo, 141 nayo inageuka 13, na aya zimepotea. Kwa hiyo nilinakili flopi nzima kwanza, nikageuza kila 141, pamoja na baiti 10 inayoifuata (ya kushuka mstari), kuwa nafasi, ndipo nikazima biti. Mzee alisoma barua ya kwanza kwa sauti, palepale mezani pangu.