Je, wajua kwa nini mchezaji hushika nyuma ya paja bila kuguswa na mtu?

Umeiona mara nyingi. Winga kapigiwa pasi ndefu, kamwacha beki hatua mbili, mbele yake wamebaki kipa na nyasi. Ghafla kichwa kinakwenda nyuma, mkono unashika nyuma ya paja, anaruka kwa mguu mmoja hatua tatu nne, kisha anakaa chini na kuashiria benchi: nitoeni.

Kwenye kibanda umiza mabishano huanza kabla machela haijaingia. Mmoja atasema beki kamchota, ni kamera tu haikuona. Mwingine atasema huyo ni mtoto wa mayai, analipwa mamilioni kwa wiki halafu anaangushwa na upepo. Picha ikirudiwa polepole, beki hakuifikia hata jezi. Na hilo la mayai nalo halisimami: jamaa huyo ana mwili ulioandaliwa kuliko wa karibu kila mtu unayemjua. Kwa mechi moja anakimbia kilomita 10 hadi 12, moyo ukidunda kwa wastani wa karibu asilimia 85 ya kiwango chake cha juu kabisa. Sasa mwili wa namna hiyo unachanikaje wenyewe?

Fanya jaribio dogo hapo ulipo. Kaa ukingoni mwa kiti. Nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke kabisa, kisigino kikiwa sakafuni, halafu inama mbele bila kupinda mgongo. Unasikia kitu kinavutwa nyuma ya paja? Hizo ndizo watangazaji wetu wanaziita nyama za paja. Ni misuli mitatu. Juu imeshika kwenye mfupa ule unaoukalia. Chini inapita goti na kushika kwenye mifupa ya mguu, mmoja upande wa nje na miwili upande wa ndani. Yaani inavuka maungio mawili, nyonga na goti. Ukiinama, inavutwa kutoka juu. Ukinyoosha goti, inavutwa kutoka chini. Ulipofanya yote mawili kwa pamoja ukaibana pande zote, na hapo umekaa tu kwenye kiti.

Mtazame sasa anayetimua mbio. Anapotupa mguu mbele kutafuta hatua inayofuata, nyonga imekunjwa na ugoko unafyatuka kwenda mbele. Nani anauzuia usipitilize? Ni misuli hiyohiyo ya nyuma. Inaudaka, inaupunguza mwendo, inaurudisha chini ili unyayo ukanyage. Inafunga breki huku yenyewe ikivutwa kuwa ndefu, na kazi yote hiyo imepewa sehemu ndogo sana ya sekunde. Wataalamu wengi wanaona kwamba ni katika kipande hicho, mguu ukiwa bado hewani na unakaribia kugusa nyasi, ndipo msuli huachia. Unaoumia zaidi ni ule wa upande wa nje, kwa kuwa ndio unaorefuka kupita wenzake.

Aliyewahi kuteka maji kisimani anaelewa tofauti ya kazi hizi mbili. Kuipandisha ndoo ni kazi ngumu, lakini kuishusha ndoo iliyojaa, polepole, bila kuiachia kamba, ni kazi ya aina nyingine, na ndiyo inayochubua viganja. Waliopanda Kilimanjaro nao watakuambia kwamba mapaja hayawaumi sana kwa kupanda kama yanavyowauma kesho yake baada ya kushuka. Msuli unaofanya kazi huku unarefuka unabeba mzigo mkubwa na unaumia kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuwa na mapaja ya mbele kama magogo, yale yanayofyatua mashuti, na bado akaangushwa na nyuma. Kadiri mbele kunavyofyatua kwa nguvu, ndivyo breki ya nyuma inavyopewa kazi kubwa.

Mfano ambao siuchoki ni wa Michael Owen, mshambuliaji wa Liverpool na England. Mwaka 1998, akiwa na miaka 18, aliwapita mabeki wa Argentina kwenye Kombe la Dunia nchini Ufaransa na kufunga goli ambalo watu wa rika langu hawajalisahau. Tarehe 12 Aprili 1999 Liverpool ilikwenda kucheza na Leeds kwenye uwanja wa Elland Road. Owen akaufukuzia mpira uliopenyezwa mbele, akiwa kwenye spidi yake yote, na msuli wa nyuma ya paja ukakatika. Alikuwa na miaka 19. Alipona, akarudi, mwaka 2001 akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Lakini mwenyewe amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba tangu siku ile alikuwa anakimbia na misuli mitatu mguu mmoja na miwili mguu mwingine. Mwaka 2006, dakika ya kwanza tu ya mechi ya England na Sweden kwenye Kombe la Dunia, goti likageuka naye akiwa peke yake. Februari 2010 alifunga goli la Manchester United kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Aston Villa, na kabla ya mapumziko akatolewa. Nyuma ya paja tena.

Saa ya kuumia nayo ina habari zake. Utafiti uliofanywa kwenye klabu za kulipwa za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004 uligundua kwamba asilimia 47 ya majeraha haya ya kwenye mechi yalitokea katika theluthi ya mwisho ya kila kipindi, yaani dakika ya 30 hadi 45 na ile ya 75 hadi 90. Yangekuwa yanatokea kibahati tu, ingekuwa asilimia 33. Msuli uliochoka humeza nguvu kidogo kabla ya kuchanika, na pia huchelewa kidogo kuitika, wakati ugoko haumsubiri mtu. Ukiongeza na akiba ya sukari ndani ya misuli iliyokwishapungua, unaona kwa nini kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza, ya dakika ya 88 ni ya hatari kwa anayeikimbilia kuliko kwa kipa anayeisubiri. Kipa, kwa taarifa yako, huumia vidole na mabega. Nyama za paja si ugonjwa wake sana.

Mapumziko nayo yana mtego wake. Watafiti wa Denmark walipima misuli ya wachezaji wakakuta kwamba dakika 15 za kukaa chumbani zinatosha kuipoza kwa karibu nyuzijoto 2, na waliorudi uwanjani hivyohivyo walikuwa wazito kwenye mbio fupi. Waliopasha tena kidogo kabla ya kipindi cha pili hawakupoteza spidi yao. Kwa hiyo ukiona kocha wa viungo amewatoa watu wake mapema wakimbiekimbie kabla refa hajafika, ujue si kupoteza muda.

Hapa niseme jambo moja, maana linachanganywa kila wikiendi. Kubanwa na misuli siyo kuchanika. Anayebanwa mara nyingi hubanwa kigimbi, hulala chali, na mwenzake, wakati mwingine hata mpinzani, humsukuma vidole vya mguu kuelekea ugoko. Baada ya dakika mbili anakimbia. Aliyechanika hasukumwi vidole. Anasimama ghafla, mkono uko nyuma ya paja, na uso unaonyesha kwamba ameshajua. Wengine husema walisikia kitu kimekatika kama kamba. Huyo ukimnyoosha mguu unamuongezea. Na kwenye viwanja vyetu vya mtaani, ile haraka ya kumkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu siku hiyohiyo inazidisha damu kuvuja ndani. Siku mbili tatu za kwanza aachwe apumzike, awekewe barafu, afungwe bandeji ya kubana.

Ungetegemea kwamba kwa fedha, madaktari na vifaa vilivyopo, tatizo linapungua. Linaongezeka. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, imekuwa ikifuatilia majeraha ya klabu kubwa za Ulaya tangu mwaka 2001, kazi iliyoasisiwa na daktari Msweden Jan Ekstrand. Mwanzoni misuli ya nyuma ya paja ilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 ilifika asilimia 24. Kwenye mechi, hatari yake kwa kila saa ya kucheza ni karibu mara kumi ya ile ya mazoezini.

Sababu moja ni kwamba mpira wenyewe umebadilika. Kwenye Ligi Kuu ya England, kati ya msimu wa 2006/07 na wa 2012/13, umbali wote ambao mchezaji anakimbia kwa mechi uliongezeka kwa asilimia 2 hivi, kitu cha kupuuza. Lakini umbali anaoukimbia kwa spidi kali kabisa uliongezeka kwa karibu asilimia 35. Kilomita ni zilezile, breki ndizo zimeongezeka. Halafu kuna ratiba. Timu inayocheza Jumamosi, Jumanne na Jumamosi huumiza misuli mingi kuliko iliyopata siku sita za kupumua, na ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano, iliyoanza mwaka 2020 wakati wa korona na kuwa ya kudumu mwaka 2022, imewasaidia zaidi wenye benchi nene.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba kinga ipo, na haihitaji mashine. Piga magoti juu ya kitu laini. Mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, jiachie mbele polepole, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja tu, mpaka unashindwa na kujidaka kwa mikono. Basi. Ile ndoo inayoshushwa kisimani, ila ndoo yenyewe ni wewe. Denmark waliijaribu kwa timu 50 zenye wachezaji 942, za kulipwa na za ridhaa, matokeo yakatoka mwaka 2011. Kundi lililofanya zoezi hili wiki kumi, kisha likawa linalirudia mara moja kwa wiki, lilipata majeraha 15. Kundi la pili, lenye watu karibu idadi ileile, lilipata 52.

Miaka minne baadaye wakaangaliwa wakubwa, klabu za Ligi ya Mabingwa na za ligi kuu ya Norway. Ikahesabiwa misimu 150 ya klabu, yaani kila klabu kwa kila msimu ni hesabu moja, na katika 125 kati ya hiyo klabu haikuwa ikilifuata zoezi hilo. Ukilifanya kwa mara ya kwanza utaelewa: siku ya pili hata kukaa chooni ni mtihani. Maumivu hayo huisha ukilizoea, ila kocha mwenye mechi keshokutwa haoni pa kuliweka. Nadhani ni uzembe wenye gharama kubwa, lakini mimi sijawahi kufukuzwa kazi kwa kupoteza mechi tatu.

Msuli ukishachanika, tatizo la pili ni kujitonesha. Kwa takwimu za UEFA, mchezaji wa kawaida hukaa nje siku 13 tu hivi, na asilimia 18 ya majeraha haya ni ya kurudia palepale. Theluthi mbili ya hayo hutokea ndani ya miezi miwili tangu mtu arudi uwanjani. Maumivu huondoka mapema kuliko udhaifu. Mtu anatembea vizuri, anapanda ngazi, anajiona mzima, kumbe kovu bado changa na breki haijarudi. Kama mchaniko umeingia hadi kwenye kano iliyo ndani ya msuli, siku 13 zinageuka kuwa wiki nyingi.

Msweden mwingine, Carl Askling, aliwachukua wachezaji 75 waliochanika. Kundi moja lilitibiwa kwa mazoezi yanayoutumikisha msuli huku unarefushwa, lingine kwa mazoezi ya kawaida. La kwanza lilirudi mazoezini na timu kwa wastani wa siku 28, la pili siku 51. Lakini kabla ya kumruhusu mtu yeyote alikuwa na kipimo chake cha mwisho. Mchezaji analazwa chali, mguu usioumia unafungwa kitandani, ule ulioumia unafungwa goti lisikunjike, kisha anaambiwa aurushe juu kwa kasi yote aliyonayo. Swali halikuwa kama unauma, kwa sababu kufikia hapo hauumi. Aliulizwa kama ana wasiwasi. Akisita kidogo tu, anarudishwa kwenye mazoezi na kupimwa tena siku nyingine.

Owen alipokuja kuisimulia miaka ya mwisho ya kazi yake, alisema alikuwa anaogopa kukimbilia nafasi iliyo wazi, kwa sababu alijua msuli utachanika. Akaanza kurudi nyuma kuomba mpira miguuni, yeye aliyewakimbia mabeki wa Argentina. Alistaafu mwaka 2013, akiwa na miaka 33.