Akili ya mpira haijengwi kwa kelele za pembeni

Kila Jumamosi, katika viwanja vya watoto kuanzia Mbagala hadi Tegeta, wazazi hunirudia na imani ile ile: mtoto wa miaka saba hawezi kusoma mchezo mpaka mtu mzima amwelekeze kila hatua. Katika kazi yangu ya ualimu, sijakutana na imani inayowadumaza watoto kuliko hii. Akili ya mpira ni kuona, kuamua na kutenda, lakini mtoto anayepigiwa kelele za "Toa! Butua! Rudi!" ameachiwa la tatu peke yake. Mtazameni anapopokea pasi: kabla hajatafuta nafasi iliyo wazi, humgeukia baba yake, na kichwa kinaporudi uwanjani beki ameshauchukua mpira. Baba hudhani amethibitisha kwamba mtoto hajui, naye huzidisha sauti.

Mtafiti wa Norwe, Geir Jordet, amechunguza kwa miaka mingi jinsi wachezaji wanavyogeuza kichwa kabla mpira haujawafikia, akaona kwamba wanaoangalia mara nyingi zaidi hufanikiwa zaidi katika pasi za mbele. Tabia hiyo haiwezi kuota kwa mtoto ambaye macho yake yamefungwa kwa mtu aliyesimama nje ya mstari. Ndiyo maana mimi huwachezesha wanne kwa wanne katika uwanja mdogo, kila timu ikilinda magoli mawili madogo yaliyo kwenye kona. Wapinzani wakijazana upande mmoja, goli la pili hubaki wazi, na mtoto hulazimika kuinua kichwa ili aligundue. Nikisimamisha mchezo, huuliza, "Umeona nini?", kisha husubiri jibu, hata likichelewa na hata likiwa si sahihi.

Wapo wanaosema kwamba mtoto amalize kwanza mazoezi ya kuzunguka koni na kupiga danadana, mchezo utafuata. Bunker na Thorpe, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walikwishapendekeza mwaka 1982 kwamba mafunzo yaanzie kwenye mchezo uliorahisishwa, na ufundi wa kuchezea mpira ufundishwe mtoto anapoona haja yake. Koni haimnyang'anyi mtu mpira, kwa hiyo haimfundishi lini apige chenga na lini atoe pasi.

Watoto wa miaka mitano kurundikana kwenye mpira si utovu wa nidhamu, bali ni hali ya umri wao. Punguzeni idadi ya wachezaji badala ya kuwakemea. Kumfunga mtoto kwenye nafasi moja ya uchezaji tangu mapema kunampa picha ya kona moja tu ya uwanja, basi azungushwe, hata golini.

Ama chandimu, yaani mpira wa mtaani, ambayo wazazi wengi huiona ni uharibifu, mimi huihimiza waziwazi. Katika uchochoro wenye wachezaji watano au sita, mtoto hugusa mpira mara nyingi, huwakabili wakubwa wake, na hakuna mtu mzima wa kumwamulia.