Tangi la maji chumvi: maji maangavu si maji salama

"Maji yanang'aa, mbona samaki wanakufa?" Swali hili haliishi. Wanakufa kwa sababu amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, haina rangi. Miligramu 2 za amonia kwa lita zinaweza kuwadhuru hata kuwaua samaki wa baharini, na bado utaona ukuta wa pili kupitia tangi. Sponji mpya ya chujio hunasa takataka zinazoonekana, basi. Kuondoa sumu ni kazi ya bakteria: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao huzaana polepole, na kwenye nyuzijoto 25 hadi 27 tangi jipya huhitaji takriban wiki nne hadi sita kupata wa kutosha. Maji chumvi nayo hayana msamaha: pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8.1 hadi 8.4 huongeza sehemu ya amonia iliyo katika umbo linalopenya matamvua.

Kwa hiyo, tafadhali, usiwatumie samaki kuanzishia tangi. Tangi la lita 100 liwekee mawe makavu ya matumbawe yapata kilo 10, chumvi maalumu ya matangi ya bahari (si ya mezani) gramu 35 kwa kila lita, kisha washa hita na pampu. Ongeza amonia kloridi safi, takriban gramu 0.6, upate miligramu 2 kwa lita. Amonia ya usafi yenye manukato au sabuni haifai. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda, na hapo ndipo wengi hushangilia mapema wakakimbilia dukani. Subiri. Amonia ikiisha, rudisha dozi ileile. Siku dozi hiyo itakapomalizwa ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote zikisoma sifuri, tangi limeiva. Badilisha nusu ya maji kupunguza nitrati, kisha ingiza samaki mmoja au wawili wadogo. Wengine wangoje wiki mbili, bakteria waongezeke kulingana na chakula kipya.

Kuteka maji baharini hakuruki hatua hizi. Bakteria tunaowategemea hung'ang'ania mawe, mchanga na sponji. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Ndiyo maana pia kubadilisha maji hakuwamalizi.

Kuosha sponji bombani hadi itakate ndiko kunakowamaliza, kwa klorini. Ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi, na usioshe vifaa vyote siku moja.

Wapo pia wanaoamini kwamba chujio likiiva, kubadilisha maji kumekwisha. Nitrati itaondoka vipi? Isitoshe, bakteria hao hula ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuzuia asidi, na pH huteremka taratibu. Asilimia 10 hadi 15 kila wiki inatosha.

La mwisho linawahusu hasa wanaoishi na umeme wa kukatika-katika: chujio la mkebe uliofungwa halikai salama likingoja umeme urudi. Bakteria wanahitaji oksijeni, na ya ndani ya mkebe huisha baada ya saa chache. Umeme ukichelewa, ufungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Vinginevyo uozo wote utamwagikia samaki. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu tangu siku ya kwanza.