Tirbulansi si upepo mkali, wala si kelele

Kiangazi, upepo ukiinua vumbi Kadutu, hapa Bukavu, na mabati yakaanza kugonga, utasikia: "Leo tirbulansi ni nyingi." Ndege ikinguruma angani, neno ni lile lile, sasa kwa maana ya kelele. Tuelewane, ndugu zangu.

Maana yenyewe ni fupi. Tirbulansi ni mwendo wa vurugu wa hewa au maji: kasi na mwelekeo vinabadilika kila mara, mizunguko mikubwa inavunjika kuwa midogo, na ile midogo kabisa inamezwa na mnato, yaani msuguano wa ndani ya hewa au maji yenyewe, inageuka joto. Basi.

Nguvu ya upepo ni jambo jingine. Hiyo ni wastani wa kasi. Tirbulansi ni kule kuyumba juu na chini ya wastani. Ndani ya handaki la upepo la maabara, hewa inaweza kukimbia mita 40 kwa sekunde, kasi ya kung'oa paa, na kuyumba kwake kusifike asilimia 1 ya wastani huo. Kijiupepo cha mita 3 kinachopenya kati ya nyumba za Kadutu kinaweza kuvuka asilimia 20. Vile vikombe vinavyozunguka kwenye vituo vya hali ya hewa havitakuonyesha tofauti hiyo vizuri. Ni vizito, vinafaa kwa wastani.

Anayetaka kuipima tirbulansi nyuma ya bawa la ndege hutumia uzi wa wolframu, madini yanayochimbwa hata hapa kwetu Kivu Kusini. Uzi una unene wa mikroni 5 hivi, yaani sehemu tano za elfu za milimita, na chembe moja ya vumbi inaweza kuukata. Unapashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo, maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiweka nyuzi mbili sambamba na kuzitenganisha kidogo kidogo, pale ishara zao zinapoacha kufanana umepata upana wa mizunguko.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu ya kelele, na hapo ndipo penye kosa la pili. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba tirbulansi iliyo peke yake hewani hutoa sauti inayokua kwa kipeo cha 8 cha kasi, yaani kasi nane zikizidishwa pamoja. Mwaka 1970 watafiti Ffowcs Williams na Hall wakaonyesha kwamba ikipita kwenye ukingo mkali, kama ule wa nyuma ya bawa, kipeo kinashuka hadi 5. Usidhani kelele nayo imeshuka! Chini ya kasi ya sauti ni kinyume: tirbulansi peke yake karibu ni bubu, ukingo ndio unaoipa mdomo. Kwa hiyo anayetabiri kelele hupima nguvu ya kuyumba, upana wa mizunguko, na kasi inayoipitisha ukingoni. Huipima karibu kabisa nyuma ya ukingo, kabla hewa haijasahau ilikotoka. Mizunguko midogo italeta sauti nyembamba, mikubwa italeta nzito.

Na sauti yenyewe ni "shhhh", nyembamba na nzito zikiwa zimechanganyika. Nasisitiza kwa sababu wengi wananitajia "pa-pa-pa" ya helikopta inayoshuka kutua kama mfano wa tirbulansi, wakidhani wamenipata. Hiyo ni panga, yaani bawa la helikopta linalozunguka, likigonga mzunguko ulioachwa na ncha ya panga lililotangulia, na mzunguko ule bado umekazana, una umbo lake, haujavurugika. Kama ungekuwa umeshavunjika vipande, usingepiga kwa mapigo namna ile.

Si kwamba helikopta haina tirbulansi. Inayo, ni ule mvumo wa "shhhh" ambao mapigo yanaufunika. Ukisikia "pa-pa-pa", sema tu panga limepita kwenye njia ya mwenzake. Utakuwa umesema sawasawa.